Waja leo, waondoka leo: nisaidieni kuhesabu viti vya Bunge la 12

#1 Babu Daftari, Julai 24, 2025

Assalam alaykum na habari za usiku, wana jukwaa.

Nina kesi ya kijiwe. Kijiwe chetu kiko Ngamiani, Barabara ya 8, kwa muuza kahawa ambaye birika lake nadhani halijapoa tangu enzi za Mkapa. Juzi baada ya Isha kijana wetu wa bajaji kasema Spika wa Bunge la 12 la Tanzania, hili la 2020 hadi 2025, ni Tulia Ackson. Jirani yangu fundi cherehani kamrukia: "Mtoto wewe, ni Ndugai!" Maneno yakapanda, wakawekeana dau. Atakayeshindwa atanunua pweza wa watu saba kule Deep Sea, na bei ya pweza siku hizi mnaijua.

Uamuzi nikapewa mimi, eti kwa sababu nina daftari. Kweli ninalo. Nimefanya kazi bandarini Tanga miaka mingi nikiwa karani wa kuhesabu mizigo, na ugonjwa wa kuhesabu haukuniacha hata baada ya kustaafu. Zamani meli kubwa hazikusogea gatini kwetu. Zilitia nanga nje, mzigo ukashushwa kwenye tishari, tishari likaja gatini. Kwa hiyo gunia moja lilihesabiwa mara tatu: likitoka melini, likiwa ndani ya tishari, likiingia ghalani. Karatasi ya meli ikisema magunia 500, wewe usiandike 500 mpaka uyaone. Lingine limelowa, lingine limeanguka majini, lingine limo lakini halina karatasi.

Bunge hili nimelifuata hivyo hivyo tangu Novemba 2020. Karatasi ya meli inasema hivi: majimbo 264, viti maalumu vya wanawake 113, wa kuteuliwa na Rais 10, wa kutoka Baraza la Wawakilishi Zanzibar 5, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali 1. Jumla 393. Hiyo ndiyo karatasi. Ghalani kulikuwa na nini? Hapo ndipo naomba msaada wenu, maana kila nikifungua daftari nakuta jina nililolifuta na jingine nililoliandika juu yake kwa wino tofauti.

Kuhusu dau: wote wawili wamepatia, na wote wawili wamekosea. Job Ndugai alichaguliwa Spika Novemba 10, 2020. Akajiuzulu Januari 6, 2022. Tulia, aliyekuwa naibu wake, akachaguliwa Februari 1, 2022, na ndiye aliyekaa kitini mpaka mwisho wa Bunge hilo. Nikawaambia wagawane bei. Hawataki. Kila mmoja anasema Bunge lina Spika wake "halisi".

Mnasemaje?

#2 Kaa Moto

Mzee, uzi mrefu kama treni ya mkonge. Jibu ni fupi: Tulia. Kakaa miaka mitatu na nusu, mwenzake hata miwili haikufika. Fundi anunue pweza.

#3 Bajaji ya Makorora

Mimi ndiye huyo kijana wa bajaji. Shikamoo Babu. Kaa Moto Mungu akubariki. Fundi nakuja kesho na sahani.

#4 Wakili Uchwara

Marahaba kwa niaba ya Babu, ha ha.

Kaa Moto, usihesabu Spika kama unavyohesabu kodi ya nyumba. Kiti cha Spika kina ajabu moja ambayo wengi hawaijui. Ibara ya 84 ya Katiba inasema kiti hicho kikiwa wazi, Bunge haliwezi kufanya shughuli yoyote isipokuwa kumchagua Spika mwingine. Huwezi kusema "naibu yupo, aendelee". Ndiyo maana mkutano wa Februari 2022 ulibidi uanze na uchaguzi, ndipo mambo mengine yafuate.

Jingine: Spika si lazima awe mbunge. Mtu mwenye sifa za kuwa mbunge anaweza kugombea kutoka nje. Siku ile Tulia alikuwa na wapinzani wanane kutoka vyama vingine. Alipata kura 376. Zote. Wale wanane walitoka na sifuri, maana hata kura ya kujipigia wenyewe hawakuwa nayo. Walisimama mbele wakajieleza, wakaulizwa maswali, wakashangiliwa kwa adabu, wakarudi makwao.

Kabla ya hapo, ndani ya CCM waliochukua fomu za kumrithi Ndugai walizidi 60. Jina likarudi moja. Uchaguzi wenyewe ulifanyika pale, ukumbini lilikuwa tangazo.

#5 Bajaji ya Makorora

Swali la kijinga, samahani. Ndugai aliondoka kwa nini hasa? Nilikuwa bado shule, nakumbuka neno "mnada" tu.

#6 Babu Daftari

Mwanangu, swali zuri hilo. Mwishoni mwa Desemba 2021 alikuwa kwenye mkusanyiko wa Wagogo wenzake Dodoma. Serikali ilikuwa imekopa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, fedha za athari za korona, na huku wananchi wanalalamikia tozo za miamala ya simu. Yeye akahoji mwendo wa kukopa, akataja deni la trilioni 70, akasema iko siku nchi itapigwa mnada. Video ikazunguka. Januari 3 akaita waandishi akaomba radhi. Siku iliyofuata Rais akalizungumzia hadharani, na hakuficha kwamba limemuudhi. Januari 6 barua ya kujiuzulu ikatoka.

Nakumbuka siku ile kijiweni watu waligawanyika. Wengine walisema kasema kweli kwa mdomo usiofaa. Wengine wakasema aliyekuwa mkali kwa wenzake naye kaonja. Mimi niliandika tarehe nikanyamaza. Katika Bunge la vyama vingi sikuwa na Spika mwingine katika daftari aliyeacha kiti katikati ya muhula.

Lakini muda wa ukali wake nao lazima usemwe. Agosti 2021, yeye akiwa kitini, Bunge liliwasimamisha Gwajima wa Kawe na Jerry Silaa wa Ukonga mikutano miwili, mmoja kwa aliyoyasema kuhusu chanjo, mwingine kwa kusema mishahara ya wabunge haikatwi kodi. Miezi mitano mbele, mwenye kiti kaondoka kwa maneno yaliyosemwa nje ya ukumbi vilevile.

#9 Binti Pangani

Mmeng'ang'ania Spika, mimi nataka kujua watu wetu wa Tanga walifanya nini humo ndani.

Mkoa wetu una majimbo 12 na yote yalikwenda CCM mwaka 2020. Kwa Tanga Mjini hilo halikuwa jambo la kawaida, maana muhula wa nyuma yake, 2015 hadi 2020, mbunge alikuwa Mussa Mbarouk wa CUF. Akaja Ummy Mwalimu. Watu wanasahau kwamba Ummy alikuwa bungeni tangu 2010 kwa viti maalumu. Jimbo lilikuwa mara yake ya kwanza.

Sasa muangalieni Ummy mmoja tu mnifahamu. Desemba 2020 yuko Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Machi 2021 TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Januari 2022 Afya. Agosti 2024 hayumo barazani, karudi viti vya nyuma. January Makamba wa Bumbuli naye: alianza muhula bila wizara, Septemba 2021 Nishati, Agosti 2023 Mambo ya Nje, Julai 2024 nje. Mwana FA wa Muheza alitoka kwenye maikrofoni ya muziki akaingia kwenye maikrofoni ya Bunge, Februari 2023 akawa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Kitandula wa Mkinga akapata unaibu wa Maliasili na Utalii mwaka huohuo.

Mtu wa kwetu ndiye pekee ambaye hakuhamishwa. Aweso wa Pangani aliingia Wizara ya Maji Desemba 2020 na yuko hapo mpaka ninavyoandika. Msiseme najipendelea. Mabomba ya mradi wa maji wa miji 28 yanapita Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani, na mambo ya kusuasua tunayalalamikia kama kawaida, ila angalau tunajua wa kumlalamikia ni yuleyule.

#10 Kaa Moto

Binti Pangani umejipendelea.

#11 Binti Pangani

Kidogo. 😂

#12 Mgosi wa Soni

Wagosi tupo. Umewataja wa pwani ukasahau milimani. Shekilindi wa Lushoto, Shangazi wa Mlalo, Mnzava wa Korogwe Vijijini, Kimea wa Korogwe Mjini. Na wa nyikani: Kwagilwa Handeni Mjini, Sallu Handeni Vijijini, Kigua Kilindi. Hawa hawakuwa mawaziri na ndiyo maana hamuwakumbuki. Mbunge asiye waziri ndiye anayesimama saa tatu asubuhi na swali la nyongeza kuhusu barabara ya kwenu. Husna Sekiboko wa viti maalumu hapa Tanga alikuja kuongoza Kamati ya Elimu, Utamaduni na Michezo. Kazi ya kamati haionekani kwenye televisheni, lakini ndiko bajeti inakochambuliwa kabla haijafika ukumbini.

Kuna kitu nilikuwa nakiwaza nikisoma orodha ya Binti Pangani. Waziri akiwa mbunge wako unafurahi, unapiga kigelegele. Halafu unagundua kwamba hawezi kusimama kuihoji serikali kwa sababu serikali ni yeye.

#15 Mpemba wa Sahare

Hodi uzini. Babu, jina la uzi wako limenikumbusha Konde, kwetu Pemba. Mimi niko Sahare lakini nusu ya ukoo uko ng'ambo.

Khatib Said Haji wa ACT-Wazalendo alikuwa mbunge wa Konde. Akafariki Mei 2021, Mungu amrehemu. Huyo alikuwa akisimama hata wasiokubaliana naye wanatega sikio. Uchaguzi mdogo ukafanyika Julai, CCM wakatangazwa washindi, mshindi akiwa Sheha Mpemba Faki. Wiki chache baadaye, kabla hata Bunge halijakutana tena, Sheha akajiuzulu, akasema ana matatizo ya kifamilia. Ikarudiwa Oktoba, ACT wakashinda na Mohamed Said Issa akaenda Dodoma.

Yaani kiti kimoja, ndani ya miezi mitano, kilikuwa na majina matatu. Yule wa katikati utamwandika kwa wino gani, Babu?

#16 Babu Daftari

Nimemwandika kwa penseli.

Na hapo ndipo shida yangu inapoanzia. Nikisema Konde ilikuwa ya ACT mwanzo wa muhula na ya ACT mwisho wa muhula, nimesema kweli, lakini mambo yote yaliyotokea katikati yametoweka. Orodha ya mwanzo na orodha ya mwisho zinafanana, na ndiyo maana zinadanganya.

Waliofariki wako wengi kuliko tunavyodhani. Atashasta Nditiye wa Muhambwe, Februari 2021, baada ya ajali ya gari. Kwandikwa wa Ushetu, akiwa Waziri wa Ulinzi, Agosti 2021. Nafasi yake wizarani ilikwenda kwa Stergomena Tax, mwanamke wa kwanza nchini kushika Ulinzi. Ole Nasha wa Ngorongoro, Septemba mwaka huohuo. Mtega wa Mbarali, 2023. Ndugulile wa Kigamboni, Novemba 2024, miezi michache tu baada ya kuchaguliwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Kila jina hapo ni jimbo lililokaa bila msemaji kwa muda.

Halafu wako walioondoka kwa kupanda. Rais Magufuli alipofariki Machi 17, 2021, Mama Samia akaapishwa tarehe 19. Tarehe 30 jina la Makamu likafika bungeni ndani ya bahasha: Philip Mpango, mbunge wa Buhigwe, Waziri wa Fedha. Kura 363, hakuna hata moja ya hapana. Kesho yake akaapishwa, na Buhigwe ikabaki wazi. Mei 16, 2021 Buhigwe na Muhambwe zikapiga kura siku moja, mkoa mmoja wa Kigoma, moja kwa sababu ya msiba na nyingine kwa sababu ya shangwe.

#17 Wakili Uchwara

Ongezeni na wale 10 wa Rais, maana hao ni mlango unaozunguka. Polepole aliteuliwa Novemba 2020, Machi 2022 akapewa ubalozi, ubunge ukaisha. Bashiru Ally alitoka Ukatibu Mkuu Kiongozi Machi 2021 akateuliwa mbunge siku hiyohiyo pamoja na Liberata Mulamula. Nafasi hizi Rais anazitumia kumwingiza mtu anayemtaka kwenye baraza, kwa kuwa waziri lazima awe mbunge. Hata Tulia mwenyewe aliingia bungeni kwa mlango huu mwaka 2015, kutoka Unaibu Mwanasheria Mkuu, akawa Naibu Spika. Jimbo la Mbeya Mjini alilichukua 2020 kwa kumshinda Sugu wa Chadema.

#20 Kaa Moto

Sawa, sasa tuseme lile ambalo wote mnalizunguka kama paka na ugali wa moto. Wale 19.

#21 Babu Daftari

Nilijua atakuja mtu nalo.

Haya. CCM walipata majimbo 256. ACT 4, CUF 3, Chadema 1, yule Aida Khenani wa Nkasi Kaskazini. Jumla 264. Kwenye viti maalumu, CCM 94 na Chadema 19. ACT na CUF sifuri.

Novemba 24, 2020 wanawake 19 wa Chadema wakaapishwa na Spika Ndugai kwenye viwanja vya Bunge Dodoma, Halima Mdee akiwa mbele. Chama kikasema hakijapeleka majina. Siku tatu baadaye Kamati Kuu ikawafukuza uanachama. Mitaani wakapewa jina la "Covid-19" na likawaganda muhula mzima. Wao wakakata rufaa Baraza Kuu la chama, Mei 2022 likaitupa. Wakaenda mahakamani, na Desemba 2023 Mahakama Kuu ikatengua uamuzi wa Baraza Kuu, kwa hoja kwamba waliowahukumu kwenye Kamati Kuu ndio walioketi tena kusikiliza rufaa.

Muda wote huo walikuwa bungeni. Wanauliza, wanachangia, wanalipwa.

#22 Bajaji ya Makorora

Babu ngoja. Chadema jimbo 1 wana viti maalumu 19, ACT majimbo 4 hawana hata kimoja? Hesabu gani hiyo?

#23 Wakili Uchwara

Hesabu ya kura, si ya majimbo. Chama kinapata viti maalumu kwa uwiano wa kura zake za ubunge nchi nzima, na lazima kifikishe angalau asilimia 5. Majimbo ya Pemba ni madogo. Unaweza kushinda manne huko na kura zako zote zisijaze mtaa mmoja wa Temeke. Chadema walishindwa karibu kila mahali lakini walishindwa wakiwa na kura. Ndiyo hivyo.

Kuhusu kufukuzwa: Katiba ibara ya 71 inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge wake unakoma. Ugomvi wote ulikuwa hapo kwenye "akikoma". Amekoma siku chama kilipomfukuza, au siku njia zote za rufaa zitakapokwisha? Bunge lilishika la pili.

#24 Kaa Moto

Basi Babu ukiwahesabu umewahalalisha. Futa.

#25 Babu Daftari

Kaa Moto, sikiliza nikupe kisa cha gatini. Mzigo ukifika hauna karatasi, au karatasi zina ugomvi, wako mabosi waliotaka tusiuandike kabisa. Mkuu wangu wa zamu, Mdigo mmoja mkali, alikuwa anasema: andika. Uandike pembeni, wino mwekundu, useme una ugomvi, lakini andika. Kwa sababu mzigo upo ghalani, unachukua nafasi, na kesho mtu akiuliza kwa nini ghala limejaa huna jibu.

Mimi sikuhalalisha mtu. Viti 19 vilikaliwa. Wino mwekundu.

#26 Mpemba wa Sahare

Wino mwekundu sawa, lakini semeni na matokeo yake. Bunge la 11 lilikuwa na Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani, Mbowe. Bunge la 12 halikuwa naye kabisa. Kanuni zinataka upinzani ufikishe asilimia 12.5 ya wabunge wote ndipo kambi rasmi iwepo. Piga hesabu ya 393, unahitaji kama 50. Wao pamoja na hao 19 wenye ugomvi ni 27. Waziri akisoma bajeti, yule wa kusimama upande wa pili na kitabu chake mbadala hakuwepo. Wapigakura walioanza kufuatilia siasa mwaka 2021 hawajawahi kumwona huyo mtu kwa macho.

#27 Binti Pangani

Na kichekesho ni hiki: kanuni zinataka Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa (LAAC) ziongozwe na mpinzani. Mpinzani gani? Ikabidi ziende kwa haohao 19. Naghenjwa Kaboyoka akaongoza PAC. LAAC ikaanza na Grace Tendega, baadaye Halima Mdee. Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikija, wanaoichambua ni wabunge ambao chama chao kinasema si wa kwake.

Na niseme ukweli hata kama Kaa Moto atanuna. Zile ripoti walizisoma kwa ukali. Nilikuwa nasikiliza redioni huku nakuna nazi, nikaacha kukuna.

#28 Kaa Moto

Sijanuna. Ila mtu akikaa kwenye kiti kisicho chake akafanya kazi nzuri, kiti bado si chake.

#29 Binti Pangani

Hilo nalo neno. Sina jibu.

#33 Mgosi wa Soni

Turudi kwa uongozi. Upinzani ukikosekana nje, unazaliwa ndani. Juni 2024 Mpina wa Kisesa, CCM huyohuyo, alimtuhumu Bashe, Waziri wa Kilimo, kwamba amelidanganya Bunge kuhusu vibali vya kuagiza sukari. Spika akamtaka alete ushahidi. Akauleta, lakini akaenda pia kuwaeleza waandishi wa habari. Bunge likamsimamisha vikao 15 kwa kumdharau Spika. Mjadala wa sukari ukageuka mjadala wa adabu.

Na huyohuyo Spika, Oktoba 27, 2023 kule Luanda, alikuwa amechaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Umoja huo upo tangu 1889. Kwa hiyo tulikuwa na Spika anayeongoza mabunge ya dunia, huku naibu wake Zungu wa Ilala akishika usukani nyumbani mara nyingi. Zungu si mgeni wa kile kiti, alishakuwa Mwenyekiti wa Bunge kabla ya kuchaguliwa Naibu Spika Februari 2022. Yeye hukutuliza kwa utani. Tulia hukutuliza kwa kifungu.

#34 Bajaji ya Makorora

Ha ha ha hiyo ya kifungu nimeicheka nikiwa na abiria.

#35 Wakili Uchwara

Msisahau upande wa serikali bungeni. Majaliwa wa Ruangwa, Waziri Mkuu mwanzo hadi mwisho. Marais wawili, Maspika wawili, Waziri Mkuu mmoja. Juu yake Agosti 2023 akaongezwa Naibu Waziri Mkuu, Biteko wa Bukombe, cheo ambacho wazee wanakikumbuka kwa Salim Ahmed Salim na Mrema.

#36 Babu Daftari

Majaliwa kwenye daftari ni wino uleule mweusi tangu ukurasa wa kwanza. Watu wa hivyo ni wachache mno, nimewahesabu juzi usiku nikapitiwa na usingizi.

#41 Mgosi wa Soni, Julai 30, 2025

Majina ya wagombea ubunge wa CCM yamerudi jana. Bumbuli, Makamba hayumo. Soni leo hakuna anayezungumza biashara, hata wauza pea wamekaa tu.

#42 Kaa Moto

Waja leo waondoka leo.

#43 Wakili Uchwara

Tukumbushane tu: Rais alilihutubia Bunge Juni 27 kulifunga, lakini kuvunjika rasmi ni Agosti 3. Mpaka siku hiyo bado ni waheshimiwa wote, aliyerudi na aliyekatwa. Na safari hii majimbo yatakuwa 272, Tume ya Uchaguzi imeongeza 8. Tanga tumebaki na 12 yetu. Babu nunua daftari jipya.

#44 Bajaji ya Makorora

Babu, kabla hujanunua daftari, pweza je? Fundi ananikwepa, anapita Barabara ya 9.

#45 Babu Daftari

Uamuzi wangu: Bunge la 12 lilikuwa na Maspika wawili. Kila mmoja anunue nusu. Kikao kimefungwa.

#46 Bajaji ya Makorora

Nakata rufaa kijiweni.

#47 Wakili Uchwara

Hakikisha wanaosikiliza rufaa si walewale waliohukumu. 😂

#52 Babu Daftari, Agosti 6, 2025, usiku

Habari imetufikia jioni tukiwa kijiweni. Job Ndugai amefariki leo, Dodoma. Innaa lillaahi. Kura za maoni za Kongwa alikuwa ameshinda juzi tu, alikuwa njiani kurudi.

Fundi alikuwepo. Hakusema kitu. Alikaa mpaka kahawa ikaisha, akatoa noti, akampa kijana wa bajaji akamwambia aende Deep Sea kabla hawajafunga. Kijana akasema nusu ni yake, Babu kahukumu. Fundi akasema, "Nenda."

Pweza amekuja, amechemshwa, ameliwa. Watu walikuwa tisa, si saba.

#53 Bajaji ya Makorora

Nusu yangu nimemlipa asubuhi. Aliikataa, nikaiacha juu ya cherehani.